Viwavijeshi Wanapougua: Virusi Vinavyoishi kwa Wadudu Pekee

Katika msimu ambao viwavijeshi wamevamia mashamba, mkulima aingiaye shambani alfajiri huweza kukuta jambo la ajabu. Viwavi waliokuwa jana wakitafuna majani kwa fujo wametulia juu kabisa ya mimea, wengine wakiwa wamening'inia vichwa chini, miguu ya nyuma imeng'ang'ania ncha ya jani. Rangi imefifia, mwili umelegea kama mfuko wa maji, na ukiguswa hupasuka na kumwaga uji wa rangi ya udongo. Hakuna aliyepiga dawa. Wapo wanaosema mvua kubwa ndiyo iliyowaua, wapo wanaomshuku jirani kwamba amenyunyizia sumu usiku, na wapo wanaowazuia watoto na kuku wasisogelee eneo hilo kwa siku kadhaa.

Viwavi hao wameugua. Ugonjwa wao unaletwa na kirusi ambacho hakimdhuru mtu, ng'ombe, kuku wala nyuki, kwa kuwa hakina njia ya kuishi ndani ya miili yao. Kukitambua kuna faida ya moja kwa moja kwa kaya inayotegemea mahindi, mtama au mpunga. Mkulima asiyekijua hununua kiuatilifu kwa fedha ya ada ya shule na kuwanyunyizia viwavi ambao tayari wamekwisha kufa au watakufa kesho, huku akiwaua pamoja nao nyigu, buibui na wadudu wengine wanaomsaidia.

Ni haki watu kushtuka wanaposikia neno virusi. Neno hilo liliingia majumbani kwa njia ya UKIMWI, likarudi tena kwa UVIKO, na halijawahi kuleta habari njema. Lakini kundi la virusi ni kubwa kuliko magonjwa ya binadamu. Karibu kila kiumbe chenye uhai, tangu bakteria hadi mbuyu, kina virusi vyake, na wadudu, ambao ni wengi kuliko wanyama wengine wote, wana vyao visivyohesabika. Vinavyowaua viwavijeshi ni vya familia iitwayo bakulovirusi, ambayo wagonjwa wake wanaofahamika ni wadudu peke yao: hasa viwavi wa vipepeo na nondo, halafu mabuu ya baadhi ya nyigu walao majani, na mabuu ya mbu.

Namna kirusi hiki kinavyofanya kazi inaeleza kwa nini kimebaki kwa wadudu. Nje ya mwili wa kiwavi, virusi hukaa vimefungiwa ndani ya punje ya protini, ngumu na angavu kama chembe ya chumvi, yenye upana wa sehemu moja hadi tatu za elfu ya milimita. Punje hiyo hukaa juu ya jani au katika udongo. Udongoni, mahali jua lisipofika, huweza kudumu miezi, hata miaka. Juani huharibika kwa muda mfupi. Kiwavi akila jani lenye punje, punje huingia katika utumbo wake, na utumbo wa kiwavi, tofauti na tumbo la mtu lenye tindikali, una ukali wa magadi. Magadi hayo ndiyo yanayoyeyusha protini na kuvifungulia virusi. Kisha virusi hujishikiza kwenye seli za utumbo kwa protini maalumu, ambazo zinafanya kazi kama ufunguo wenye meno yaliyochongwa kwa kufuli moja. Ufunguo huo haufungui mlango wa utumbo wa mtu wala wa mnyama afugwaye.

Kirusi kikishaingia, kiwavi anageuka kiwanda. Kwa siku nne hadi saba, wakati mwingine zaidi, mwili wake unatengeneza virusi badala ya kujijenga. Kirusi kina jeni inayovuruga homoni ya kujivua gamba, hivyo kiwavi huendelea kula na kukua pasipo kufikia hatua inayofuata, na kadiri anavyokua ndivyo virusi vinavyozidi. Jeni hiyohiyo, katika nondo mmoja mharibifu wa misitu ya Ulaya na Marekani, imeonekana kumfanya kiwavi mgonjwa apande juu ya mti kabla ya kufa. Wajerumani waliuita ugonjwa wa namna hiyo kwa jina lenye maana ya ugonjwa wa vilele, kwa vile mizoga ilionekana kwenye vilele vya misonobari. Faida ya kirusi ni dhahiri: mzoga ukipasuka juu, uji wake hutiririka juu ya majani ya chini, na kiwavi mmoja mkubwa huweza kuacha punje zinazofikia bilioni moja. Wataalamu wanaamini kwamba jeni hiyo kirusi hakikuianzisha chenyewe. Kiliichukua zamani sana kutoka kwa mdudu, kikaigeuza kuwa silaha dhidi ya wadudu.

Habari hiyo ya kuchukua na kugeuza ndiyo kiini cha historia ya virusi hivi. Bakulovirusi hubeba vinasaba vyao katika DNA iliyojifunga duara, yenye herufi takribani 80,000 hadi 180,000. Wanasayansi walipolinganisha duara hizo kutoka kwa spishi nyingi walikuta jeni 38 zinazorudi katika zote, zikiwamo zile za ufunguo wa utumbo. Jeni nyingine hutofautiana: zimeongezwa, zimepotea, au zimeazimwa kwa jirani. Matawi ya familia hiyo yanafuata kwa kiasi kikubwa matawi ya wadudu wenyewe, virusi vya nondo upande wake, vya nyigu upande wake, vya mbu upande wake. Kwa kukadiria kutokana na tofauti hizo, watafiti wamesema ukoo huu ulianza kuishi na wadudu yapata miaka milioni 310 iliyopita, muda mrefu kabla ya kuwako mahindi, mkulima au hata ua la kwanza. Katika muda wote huo kila kirusi kimezidi kushikamana na mwenyeji wake. Kirusi kinachomwua kiwavijeshi wa Afrika hakimfai kitu mkulima mwenye funza wa vitumba vya pamba.

Hapa pana jambo ambalo mkazi wa kata anapaswa kulishika, kwa sababu linamgusa shambani. Wadudu wanaoitwa viwavijeshi katika lugha ya kila siku ni wawili. Wa kwanza ni kiwavijeshi wa Afrika, mwenyeji wa siku nyingi, ambaye nondo wake husafiri na upepo wa mvua na watoto wake hutembea kwa makundi makubwa meusi, wakila nafaka na malisho. Wa pili ni kiwavijeshi vamizi, mzaliwa wa bara la Amerika, aliyeripotiwa Afrika Magharibi mwaka 2016 na kuonekana Tanzania mwaka 2017. Huyu hujificha ndani ya kikonyo cha mahindi na kwa kawaida haendi kwa jeshi, ingawa jina amepewa. Kila mmoja ana kirusi chake. Ni virusi vya jamii moja, lakini cha mmoja hakitegemewi kumwua mwingine. Kwa hiyo swali la kwanza la afisa ugani, kwamba ni kiwavi yupi, si la kumchelewesha mkulima.

Hata kirusi cha kiwavi wa namna moja si kimoja. Mtu akimwokota kiwavi mmoja aliyekufa hudhani ameokota ugonjwa mmoja. Huko Uskoti watafiti walimchunguza kiwavi mmoja tu wa nondo aharibuye misonobari, wakatenganisha vinasaba vya virusi vilivyomo ndani yake, wakakuta aina 24 zinazotofautiana. Nazo hazikutofautiana kwa maandishi ya vinasaba tu; zilizojaribiwa zilitofautiana pia katika ukali na katika muda zinaochukua kuua. Mzoga mmoja, kwa maneno mengine, ni kijiji kizima.

Mfano wa pili unamhusu kiwavijeshi vamizi mwenyewe, nao ni wa ajabu zaidi. Katika virusi vilivyokusanywa kutoka kwa viwavi wa Nikaragua, watafiti walitenganisha aina 9. Moja tu ilikuwa na vinasaba kamili. Nyingine zilikuwa zimepoteza vipande. Baadhi zilipoteza hata zile jeni za ufunguo wa utumbo, na zikilishwa kwa kiwavi peke yake hazifanyi lolote, kwa kuwa haziwezi kupita mlangoni. Yeyote angetarajia kwamba vilema hao wanaudhoofisha ugonjwa, na kwamba aina kamili ikiachwa peke yake itaua zaidi. Majaribio yalionyesha kinyume: ile kamili peke yake ilikuwa dhaifu kuliko mchanganyiko wa asili, na ilipochanganywa na vilema kwa kiasi kinachofanana na kile cha porini, nguvu ilirudi. Wasio na ufunguo huingia kwa ufunguo wa wenzao, kisha humo ndani mchango wao huonekana. Uteuzi wa asili haukuwa ukimchagua shujaa mmoja. Ulikuwa ukilihifadhi kundi.

Kwa nini jambo hilo liwe na uzito kwa mtu anayehangaikia debe la mahindi? Jibu limo katika bustani za matufaa za Ulaya. Kule adui mkubwa ni kiwavi atobuaye tunda. Mwaka 1963 viwavi wagonjwa wa aina hiyo walipatikana Meksiko, na kirusi kilichotoka kwao kikawa msingi wa dawa zilizotumika kwa miaka mingi Ulaya, hasa kwa wakulima wasiotumia kemikali. Dawa zilikuwa za majina tofauti na kampuni tofauti, ila ndani ya chupa zote kirusi kilikuwa kilekile, mtoto wa wale viwavi wa Meksiko. Kufikia mwaka 2005 taarifa zilitoka Ujerumani, na mara Ufaransa, kwamba katika baadhi ya bustani dawa haifanyi kazi. Viwavi wa huko walikuwa wamepata usugu mkubwa, kiasi kwamba kipimo kilichowaua ndugu zao kilihitaji kuzidishwa zaidi ya mara elfu. Usugu huo ulitokana na badiliko lililokaa katika kromosomu ya jinsia na kurithiwa kwa wepesi mno, kizazi hadi kizazi.

Waliookoa hali hawakutengeneza sumu mpya. Walirudi porini kutafuta virusi vingine vya kiwavi yuleyule, na katika vile vilivyotoka Iran wakapata vinavyowaua viwavi sugu. Uchunguzi uliofuata ulionyesha kwamba tofauti iko katika jeni moja: kirusi cha Meksiko kilikuwa na herufi 24 za ziada ambazo zilikifanya kishindwe mbele ya kiwavi sugu, na ndugu zake wasiokuwa nazo walipita. Herufi 24 kati ya zaidi ya laki moja. Bustani zilizokuwa zikitegemea nasaba moja ziliponzwa na nasaba hiyo moja, zikanusurika kwa sababu mahali pengine duniani palikuwa na nasaba nyingine ambayo hakuna mtu aliyeipa thamani.

Hapa Afrika Mashariki habari ya ugonjwa wa kiwavijeshi si ngeni. Katika miaka ya 1960, kituo cha utafiti cha Muguga nchini Kenya kilipokuwa kikizihudumia nchi zote tatu, wataalamu Brown na Swaine waliueleza kwa kirefu katika makala ya mwaka 1965. Waliona kwamba mwishoni mwa msimu ugonjwa huweza kufagia karibu kundi zima la viwavi. Shida iko katika hayo maneno mwishoni mwa msimu. Mlipuko wa viwavijeshi humaliza kazi yake kwa wiki mbili au tatu. Ugonjwa unapokolea, shamba limekwisha kuwa vijiti. Tena kuna sababu nyingine inayoufanya uchelewe. Viwavi wanaokua kwa msongamano, wale weusi, huwa na kinga imara zaidi dhidi ya kirusi kuliko wale wa kijani wanaokua mmojammoja. Maumbile yamewaandaa: penye umati pana maambukizi, kwa hiyo mwili unaokulia katika umati hujilinda mapema.

Na kati ya msimu mmoja na mwingine, viwavi wakiwa hawaonekani, kirusi huishi wapi? Udongo ni jibu mojawapo. Jibu jingine lilipatikana kwa kuwapima nondo waliokusanywa mashambani Tanzania: wengi mno walibeba kirusi ndani yao kwa siri, wazima wa afya kwa kuonekana, na waliweza kuwarithisha watoto kupitia mayai. Kirusi husafiri na nondo kwa mamia ya kilomita, kimelala, kikingoja. Ndiyo maana aina zinazopatikana zimechanganyika, na ndiyo maana mahali ambapo hapajawahi kunyunyiziwa chochote ugonjwa huweza kuzuka.

Kutokana na ujuzi huo, watafiti wa Tanzania wakishirikiana na wenzao wa vyuo vikuu vya Greenwich na Lancaster nchini Uingereza walijaribu kuuwahisha ugonjwa badala ya kuungojea. Kirusi kilichotoka kwa viwavi wenyewe kilizalishwa, kikachanganywa na maji na kunyunyiziwa juu ya makundi machanga ya viwavi katika malisho na mashamba nchini, na viwavi walikufa. Jambo lililobaki gumu ni la gharama na wakati: kukizalisha kirusi kwa wingi kwa bei ambayo mkulima mdogo anaimudu, na kukifikisha kijijini kabla viwavi hawajakua. Kuhusu wakati, wilaya ya Kilosa ilitoa mfano mzuri mwanzoni mwa miaka ya 2000, pale wanakijiji wenyewe walipokabidhiwa mtego wa nondo na kipimo cha mvua, wakahesabu nondo na kutabiri mlipuko wao bila kungoja barua kutoka makao makuu.

Brazil ilikwenda mbali zaidi kuhusu gharama. Kuanzia miaka ya 1980 wakulima wa soya wa huko walifundishwa kukusanya viwavi waliokufa kwa kirusi, kuwahifadhi na kuwatumia tena, na miaka ya mwanzo ya 2000 eneo lililotibiwa kwa kirusi hicho lilifikia karibu hekta milioni mbili. Mradi huo ulisimamiwa na taasisi ya serikali iliyopima ubora. Kusaga mizoga nyumbani na kunyunyizia bila kipimo ni jambo jingine, kwa sababu mzoga uliooza una bakteria wengi pamoja na kirusi, na uji wa namna hiyo haufai kabisa kwenye mchicha au nyanya.

Kwa wale ambao bado wana hofu, inafaa kuongeza kwamba familia hii ya virusi imechunguzwa kwa miongo mingi kwa samaki, ndege na wanyama, na haijaonekana kuzaliana ndani yao. Zaidi ya hapo, baadhi ya chanjo za binadamu, ikiwamo moja ya UVIKO, hutengenezwa kwa kutumia bakulovirusi ndani ya seli za wadudu zilizokuzwa maabara. Na baadhi ya seli hizo, kwa kejeli ya mambo, asili yake ni kiwavijeshi vamizi.

Mkazi anayewakuta viwavi wamening'inia vichwa chini na miili imelegea awaache walipo, asiwachome moto wala kuwafukia, kwa kuwa punje zao ndizo zitakazowapata viwavi waliobaki. Kama sehemu kubwa ya viwavi iko katika hali hiyo, kunyunyizia kemikali ni kutupa fedha. Kama ni wachache na wengine bado wadogo wanakula kwa nguvu, hapo hatua nyingine zinahitajika, na afisa ugani wa kata aarifiwe siku ileile, akielezwa rangi ya viwavi, zao lililoliwa na idadi ya mimea iliyoathirika. Viwavi wasigandamizwe mkononi ili kupimwa, kijiti kinatosha.

Atakayeuziwa kiuatilifu chenye kirusi aangalie kwanza kwamba kimesajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, na kwamba lebo inamtaja kiwavi aliyeko shambani mwake kwa jina. Chupa isikae juani wala kwenye bati la duka. Unyunyiziaji ufanyike jioni, jua likiwa limepoa, viwavi wakiwa wangali wadogo kuliko punje ya mchele, na kwa mahindi dawa ielekezwe ndani ya kikonyo. Viwavi hawatakufa kesho yake. Wanahitaji siku nne hadi saba, na mkulima anayerudia kupiga sumu siku ya pili kwa kukosa subira analipa mara mbili. Maji ya kuchanganyia yawe safi, na yasitoke kisimani penye magadi, kwani magadi huyeyusha ganda la kirusi ndani ya bomba, kabla hakijafika katika utumbo wa kiwavi.